Kufunga mwamba wa pweza Lamu: kuanzia barazani hadi siku ya kufungua

Kufunga mwamba ni kazi nyepesi: kikao kimoja, maboya sita, basi. Kinachovunja mpango ni mashua ya dago (kambi ya muda ya wavuvi wageni) inayotia nanga pale pale siku ya pili yake, nahodha akiulizwa anasema hakuna aliyemwambia, naye anasema kweli. Au afisa wa uvuvi anapigiwa simu aje kusuluhisha ugomvi juu ya sheria ambayo hajawahi kuiona kwa macho.

Mwongozo huu ni wa kamati za BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe) za visiwa vya Lamu, kuanzia Pate, Siyu, Faza na Kizingitini hadi Ndau na Kiwayu, zinazotaka kufunga kipande cha mwamba kwa miezi mitatu au minne ili pweza akue. Sehemu kubwa yake ni watu na barua kuliko maboya, kwa sababu huko ndiko mipango inakofia.

Kwanza, huyo pweza mwenyewe

Pweza wa miamba yetu, ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, huishi mwaka mmoja na miezi kidogo. Hafikishi miaka miwili. Akiwa mdogo hukua upesi mno: wa nusu kilo akiachwa mwezi mmoja hadi miwili huweza kufika kilo nzima. Ndiyo maana kumwacha kwa muda mfupi kunalipa, tofauti na tewa au changu ambao huhitaji miaka.

Jike hutaga mara moja tu maishani. Huingia shimoni, hujizibia mlango kwa mawe, hutundika mayai kwenye dari ya shimo kama vishada vidogo vyeupe, kisha hukaa hapo akiyapulizia maji kwa kiasi cha mwezi mzima bila kula. Mayai yakianguliwa, yeye hufa. Watoto huchukuliwa na maji kwa wiki kadhaa kabla ya kushuka chini, na wanaweza kutua kwenye mwamba wa kijiji kingine kabisa.

Hapo pana mambo mawili ya kuyashika. Uzito unaoongezeka katika miezi ya kufunga mtauvuna nyinyi wenyewe. Mbegu itakayotoka itakwenda kwa majirani, na yenu itatoka kwao. Kijiji kimoja kikifunga peke yake hupata kilo. Vijiji vitatu au vinne vikipangana hupata kilo na mbegu. Ukifunga kupita miezi minne hupati uzito zaidi, kwa sababu majike makubwa wanakuwa wameshaingia kulalia na kufa.

Njia hii ina historia inayojulikana. Mwaka 2004, wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walifunga eneo la Nosy Fasy kwa miezi saba. Utafiti uliofuatilia maeneo yaliyofungwa huko kati ya 2004 na 2011 ulikuta kwamba pweza walioletwa nchi kavu katika mwezi wa kwanza baada ya kufungua waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na alichopata mvuvi mmoja kwa siku kikaongezeka kwa asilimia 87. Zitazameni namba hizo mbili pamoja. Ya kwanza ni kubwa hivyo kwa sababu watu wengi walikwenda mwambani kwa wakati mmoja. Ya pili ndiyo inayofika sufuriani, na ndiyo ya kuwaambia wanakijiji.

Hatua ya 1: Jueni maji hayo yako chini ya nani

Bahari ya Lamu ina wenyewe wengi. Kwa Katiba ya 2010, uvuvi umetajwa kwenye majukumu ya serikali kuu na pia kwenye ya kaunti: ulinzi wa mazingira na maliasili, uvuvi ukiwemo, uko kwa serikali kuu, na utekelezaji wa shughuli za uvuvi uko kwa kaunti. BMU ilitokana na Kanuni za mwaka 2007, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 ikaitambua. Kwa hivyo kamati ina haki ya kusimamia diko lake (mahali vyombo vinaposhusha samaki) na maji yake ya uvuvi, lakini haiwezi kutunga sheria peke yake na kuanza kutoza watu faini.

Ulizeni maswali haya kabla ya jingine lolote:

Mwamba uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga? Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1979, ina visiwa vidogo vya matumbawe kama hamsini, na iko chini ya KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa humo, lakini msiweke boya hata moja bila KWS kujua. Msichanganye na Malindi na Watamu: zile ni hifadhi za taifa za mwaka 1968, na ndani yake havuliwi kitu kabisa.

Mwamba unavuliwa na BMU ngapi? Ikiwa watu wa diko jingine huja hapo kwa desturi, mwamba huo si wenu peke yenu, hata kama uko mbele ya kijiji chenu. Kanuni za BMU zina njia yake: eneo la usimamizi wa pamoja la BMU mbili au zaidi. Ni mwendo mrefu, lakini ndio unaodumu.

Upo karibu na njia ya meli? Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lianze kazi Mei 2021, mkondo wa kuingilia Manda Bay si wa mashua peke yake. Mwamba ulio kando ya mkondo huo msiufunge kabla ya kuzungumza na Mamlaka ya Bandari na Mamlaka ya Bahari. Boya lenu laweza kumchanganya nahodha wa meli, na boti zao zina haki ya kuling'oa.

Hatua ya 2: Pimeni kabla ya kufunga

Hatua hii hurukwa kila mara, na ikirukwa hakuna atakayeweza kujua kama kufunga kulisaidia. Pimeni kwa bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida) mbili mfululizo kabla ya kufunga, katika miamba miwili: ule mtakaoufunga, na mwingine unaofanana nao utakaobaki wazi. Huo wa pili ndio shahidi wenu. Pweza wakiongezeka kote kuwili, basi ni mwaka mzuri tu, wala si kazi ya kufunga.

Daftari liwe na safu sita: tarehe, jina la mwamba, jina la mchokoaji (anayevua pweza kwa miguu kwa kijiti kiitwacho mchokoo), saa alizokaa mwambani, idadi ya pweza, na uzito wa kila mmoja. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 10 inatosha. Pimeni pweza mmoja mmoja. Mkipima tenga zima mtapata jumla, lakini hamtajua kama pweza wamekuwa wakubwa. Kabla ya kupima, mwageni maji yaliyo ndani ya kichwa cha pweza. Pweza aliyejaa maji hudanganya mizani kwa gramu nyingi.

Anayeweza aongeze safu ya saba, dume au jike. Mhesabuni mikono kuanzia mbele, katikati ya macho, kwenda upande wake wa kulia. Ncha ya mkono wa tatu wa dume haina vinyonyeo. Ni laini, na ina mfereji mdogo unaofika mpaka mwisho. Kwa jike, vinyonyeo vinashuka hadi nchani. Kijana akionyeshwa mara tatu hakosei tena.

Kazi hii wapeni kina mama wachokoaji wenyewe, na walipwe kidogo au wapunguziwe ada ya BMU. Wao ndio wanaojua saa zilizotumika kweli, na wao ndio watakaokuwa wamepoteza pa kwenda mwamba ukifungwa. Namba wakiziandika wao, hakuna wa kuzibishia barazani.

Hatua ya 3: Chagueni kipande

Fungeni sehemu isiyozidi robo ya maeneo ya kuchokoa ya kijiji. Sehemu moja kwa tano ni bora zaidi kwa mara ya kwanza. Mkifunga nusu, familia zisizo na mashua hazitakuwa na pa kwenda, na wiki ya tatu watu wataingia usiku. Hapo hawaibi. Wanatafuta kitoweo.

Kipande kizuri kina mambo manne. Kina pweza wa kutosha hata sasa, kwa kuwa mwamba uliokufa hauamki kwa miezi mitatu. Kinaonekana kutoka kijijini au kutoka dago. Kina mipaka ya asili, kama mkondo upande mmoja na fungu la mchanga upande mwingine, ili mtu asipotee mpakani. Na hakiko kwenye njia ambayo watu wanalazimika kuipita kwa miguu kwenda mwamba mwingine.

Nendeni wakati maji yamekupwa kabisa, wazee wawili wanaoujua mwamba kwa majina yake, na kijana mwenye GPS au simu. Kila kona ichukuliwe kipimo mara mbili, kisha iandikwe pia alama za nchi kavu: mnara wa msikiti ukilingana na mbuyu fulani, nyumba ya bati ikilingana na mkoko ulio peke yake. Nahodha asiye na simu atazitumia hizo, na hata boya likikatika alama hazikatiki.

Kosa kubwa la hapa ni la namna ya kuandika vipimo. Simu moja huandika 2.15 kwa maana ya digrii na sehemu zake. Nyingine huandika digrii 2 na dakika 15. Zinafanana kwa macho, ila 2.15 ni digrii 2 na dakika 9. Tofauti ni dakika sita, yaani karibu kilomita 11 baharini. Barua ikitoka kwa namna moja na ramani kwa namna nyingine, mtakuwa mmefunga mwamba wa watu wengine kwa karatasi. Chagueni namna moja, iandikeni hivyo kila mahali, na msisahau kutaja kusini na mashariki.

Hatua ya 4: Tarehe, kwa kalenda zote mbili

Mchokoaji hatazami tarehe ya serikali. Anatazama mwezi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi mwandamo, unapoandama na unapokuwa mpevu, na pwani hii maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita za mchana. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi sana, hayana mchokoaji. Basi siku ya kufungua iwe mwanzo wa bamvua nzuri, mwezi pili au mwezi kumi na sita hivi, ili kuwe na siku nne au tano za kazi. Tazameni jedwali la maji la Kilindini kwanza, kwa kuwa bamvua hazilingani, na nyingine hazikauki vizuri.

Mkifungua siku ya maji mafu, wazamiaji wenye miwani watakuwa wamemaliza kila kitu kabla kina mama hawajakanyaga mwamba.

Kuhusu msimu, wengi hupenda kufunga katikati ya kusi (msimu wa pepo za kusini) kwa sababu hakuna anayeumia: bahari imechafuka, na miamba ya nje haifikiki hata hivyo. Sisi hatushauri hivyo. Kufunga huokoa wale tu ambao wangevuliwa, na mwamba usiofikika umeshajifunga wenyewe. Afadhali kuanza kusi inapolegea, kwenye Agosti, na kufungua mwishoni mwa Novemba bahari imetulia na kaskazi ikianza. Miezi miwili ya mwisho ndiyo yenye maumivu, na ndiyo yenye faida.

Epukeni kufungua ndani ya Ramadhani, kwani kutembea mwambani kwa muda wa saa tatu juani na saumu ni mateso. Ijumaa pia isiwe siku ya kufungua. Kama tarehe inaweza kusogea kidogo ili pweza wafike Amu (mji wa Lamu) siku za Maulidi, mji ukiwa na wageni, isogezeni. Hii yote hubadilika kila mwaka, kwa kuwa miezi ya Kiislamu hurudi nyuma siku kama 11, kwa hivyo msinakili tarehe za mwaka uliopita.

Hatua ya 5: Sheria fupi zinazoeleweka

Sheria ya kufunga iingie kwenye ukurasa mmoja. Jambo la kuamua mapema: je, imefungwa kwa pweza tu, au kwa kila kitu? Kufungia pweza tu kunaonekana kuwa na huruma, lakini kila mwenye mchokoo atasema anatafuta kaa. Njia ya kati inayofanya kazi ni hii: hakuna kukanyaga mwamba wala kuzamia ndani ya maboya, mshipi kutoka ndani ya chombo unaruhusiwa. Mlinzi akiwa mbali hahitaji kuuliza mtu anavua nini. Akiona miguu au miwani, basi.

Andikeni pia kipimo cha chini. Tanzania Bara imeweka gramu 500, na kwa wanakijiji ni kipimo kizuri kwa sababu ni rahisi kukumbuka: nusu kilo. Nondo nene zisiingie mwambani, wala utupa (sumu ya mmea), wala juya (wavu wa kukokota), ambalo kwa sheria ya Kenya limepigwa marufuku siku nyingi hata nje ya maboya.

Adhabu ipande kwa ngazi. Mfano: mara ya kwanza pweza wanapelekwa kwa BMU na mtu anaandikwa, mara ya pili faini ndogo ambayo mtu wa kijijini anaweza kuilipa kweli, mara ya tatu anazuiwa kuingia siku ya kufungua. Hii ya mwisho ndiyo inayoogopwa kuliko pesa. Kila faini iwe na risiti, na iingie kwenye akaunti ya BMU, si mfukoni mwa aliyekuwa zamu. Sheria hizo zipitishwe na mkutano mkuu wa BMU, kumbukumbu zitiwe saini, kisha zipelekwe kuidhinishwa na idara ya uvuvi. Kabla ya idhini, mnachoweza kufanya ni kuombana tu. Msikamate chombo cha mtu.

Hatua ya 6: Barua, na meza moja

Barua moja, kurasa mbili: ya kwanza kwa Kiswahili kwa watu, ya pili kwa Kiingereza kwa majalada ya Nairobi. Vipimo na tarehe viwe vile vile kwa nukta. Iwe na jina la mwamba kama wavuvi wanavyouita, kona zake, siku ya kufunga na ya kufungua kwa kalenda zote mbili, kilichokatazwa, na simu ya mwenyekiti na katibu. Ambatanisheni ramani, kumbukumbu za mkutano na orodha ya waliohudhuria.

Nakala ziende kwa afisa wa uvuvi wa kaunti, ofisi ya Huduma ya Uvuvi ya serikali kuu, KWS ikiwa mko ndani ya hifadhi au mpakani mwake, Walinzi wa Pwani, chifu na naibu kamishna, kila BMU jirani, na kila tajiri anayenunua kwenye diko lenu. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, waombeni wawatazamie daftari. Wao ni watafiti na watawaonyesha kasoro. Kila nakala irudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Barua isiyo na muhuri haikufika, hata kama mliiweka mezani kwa mkono wenu.

Halafu itisheni kikao kimoja cha wote hao, walau wiki sita kabla ya kufunga. Kikao hiki ndicho moyo wa kazi nzima. Kila ofisi ikipewa habari kivyake, kila moja itadhani nyingine ndiyo yenye jukumu. Mezani muulizeni kila mmoja swali moja na mliandike jibu lake: mvunja sheria akikamatwa saa nne asubuhi, nani anapigiwa, anakuja kwa chombo gani, na mafuta ni ya nani? Ukimya utakaofuata swali la mafuta utawaonyesha pengo lilipo.

Shelisheli, nchi ya visiwa 115 yenye maji ya zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3, ilianza mwaka 2014 kupanga matumizi ya bahari yake yote kwa kuwaketisha pamoja wavuvi, watu wa utalii, watafutaji mafuta na wahifadhi, na Machi 2020 ikafikia kuweka asilimia 30 ya maji yake chini ya ulinzi. Ilichukua miaka sita kwa nchi nzima yenye serikali moja. Kwa mwamba wa hekta 50 wenye ofisi saba, miezi minne hadi sita ya maandalizi si mingi.

Kuna sababu nyingine ya kuhifadhi karatasi hizi. Mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa athari za ujenzi wa bandari. Kesi za namna hiyo huuliza nani alikuwa akivua wapi. Daftari lenu, ramani yenu na mihuri yenu vinajibu swali hilo kabla halijaulizwa.

Mbiu nayo ipigwe kwa njia za kwetu: tangazo baada ya sala ya Ijumaa misikitini, kwa wiki tatu mfululizo, bango la mbao dikoni, ujumbe wa sauti kwa Kiamu na Kitikuu (Kibajuni) kwenye makundi ya WhatsApp ya wavuvi. Wageni wa dago watafutwe pale wanapopanga na kununua maji na mkaa. Mwenye duka ndiye anayejua nani amefika jana.

Hatua ya 7: Maboya

Kwa kipande cha kona nne wekeni maboya sita: manne ya kona, na mawili katikati ya pande ndefu. Jerikeni la lita 20 lipakwe rangi ya machungwa, lijazwe chupa tupu za soda zilizofungwa vizuri kabla ya kuzibwa, ili likitoboka lisizame.

Nanga ni jerikeni jingine lililokatwa juu na kujazwa zege: saruji kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vitatu, kwa maji ya kisima. Maji ya chumvi huozesha pete ya chuma mnayoichomeka katikati. Iachwe siku saba ikauke. Nanga hiyo nchi kavu ina kilo 47 hivi, lakini ndani ya maji hubaki kama 27, kwa hivyo kona inayopigwa na mawimbi itieni mbili. Shusheni kwenye mchanga kando ya mwamba. Mkiishusha juu ya matumbawe mtakuwa mmevunja kile mlichokuja kukilinda.

Urefu wa kamba hukosewa sana. Maji ya bamvua hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kona yenye mita 2 maji yakipwa itakuwa na mita 5 na zaidi yakijaa. Chukueni kina cha maji makuu, ongezeni nusu yake, yaani mita 8. Ikiwa fupi, boya huzamishwa au nanga huburutwa. Ikiwa ndefu mno, kamba hufagia matumbawe kila maji yanapogeuka. Manila ya plastiki huelea, na kamba inayoelea hunaswa na mashine za boti: fungeni jiwe la nusu kilo mita mbili chini ya boya ili ishuke wima. Pale kamba inapogusa pete, ivisheni kipande cha mpira wa maji.

Hatua ya 8: Doria

Wekeni nguvu kwenye siku za bamvua, kama siku kumi kwa mwezi. Siku za maji mafu tazameni wazamiaji tu, mara moja moja. Zamu iwe ya watu wanne, mwanamke mmoja au zaidi, na wasiwe wote wa ukoo mmoja. Mashine ya nguvu za farasi 15 hula lita 5 hadi 7 kwa saa ikikimbizwa, basi pale panapowezekana tumieni dau na tanga, au mtu aketi pwani na darubini.

Doria ya usiku isitoke bila kuwajulisha Walinzi wa Pwani na polisi. Tuko karibu na mpaka wa Somalia, na taa ya mtu asiyejulikana baharini usiku inaweza kuleta balaa kubwa kuliko pweza aliyeibwa.

Kila safari iandikwe: saa ya kutoka, saa ya kurudi, walioonekana, kilichofanyika. Hata pale ambapo hapakuonekana mtu.

Hatua ya 9: Kufungua

Miezi mitatu ya subira inaweza kumalizwa na asubuhi moja ya vurugu. Watu mia wakiingia kwa pamoja, kila mmoja na nondo, matumbawe ya miaka mingi huvunjwa kwa pweza wa kilo mbili.

Wiki mbili kabla, kubalianeni bei na matajiri wasiopungua wawili, kwa madaraja: nusu kilo hadi moja, moja hadi mbili, zaidi ya mbili. Bei ikiwa moja kwa wote, faida ya kumsubiri akue inamwendea tajiri. Barafu ipimwe mapema: kilo ya pweza kwa kilo ya barafu kwenye joto letu. Wachokoaji 80 wakileta kilo tano kila mmoja ni kilo 400, na barafu kilo 400 haipatikani kwa simu ya asubuhi ile, hasa kwa walio mbali kama Kizingitini au Kiwayu. Pweza wasafishwe kwa maji ya bahari. Kuwaloweka kwenye maji ya kisima yasiyo na chumvi huwavimbisha na kuongeza uzito wa uongo, nyama hulegea, na mzigo mzima hukataliwa.

Siku ya kwanza waingie wachokoaji wa miguu peke yao. Wazamiaji kuanzia siku ya pili. Wote wasubiri mpakani mpaka filimbi ipigwe, na watoke filimbi ya pili, kiasi cha saa mbili na nusu baadaye. Kila mtu na mchokoo mmoja.

Mwambani, tazameni mlango wa shimo. Pweza anayewinda huacha maganda ya kaa na kome nje, na hutoa mkono kuushika mchokoo. Shimo lililozibwa kwa mawe kutoka ndani, na ukisogeza jiwe pweza hatoki wala hashiki, analipuliza maji tu, hilo ni la jike aliye juu ya mayai. Mwacheni. Kwa kukaa bila kula amekonda, na uzito wake si kitu. Mrudishieni jiwe lake mlangoni.

Mezani dikoni kuwe na mizani mbili, waandishi wawili, na afisa wa uvuvi akiwepo. Chini ya nusu kilo hanunuliwi. Makato ya shilingi 10 kwa kilo, mliyokubaliana mkutanoni, yanaingia kwenye mfuko wa maboya na mafuta, na jumla inaandikwa ubaoni kabla watu hawajatawanyika.

Hatua ya 10: Kabla ya bamvua inayofuata

Ndani ya siku kumi na tano itisheni mkutano. Someni namba za mwamba uliofungwa na za mwamba shahidi, kilo kwa mchokoaji kwa siku, kabla na baada. Kama hazikupanda, semeni hivyo, kisha tafuteni sababu kwa mpangilio huu: je, kuliingiwa? Je, mwamba ulikuwa na pweza tangu mwanzo? Je, mlifunga wakati hakuna aliyekuwa akivua? Mara nyingi jibu ni la kwanza.

Hesabu hizo, kurasa mbili tu, zirudi kwa kila ofisi iliyopokea barua ya kwanza, pamoja na tarehe mnayopendekeza ya kufunga tena na majina ya BMU jirani zilizokubali kufunga nanyi. Maboya yaletwe pwani, yakwanguliwe chaza, yapakwe rangi upya, na kamba zilizochakaa zikatwe zisirudi baharini.